Mwambao Usiokubali Msingi

Ukiuliza bandari ya Kyela iko wapi, jibu litategemea unaulizia mwaka gani. Enzi za Wajerumani ungeelekezwa Langenburg, chini ya Milima ya Livingstone, upande wa mashariki wa kichwa cha Ziwa Nyasa. Enzi za Waingereza ungeambiwa Mwaya. Kizazi cha baada ya uhuru kilikua kikiijua Itungi, na jina hilo lingali midomoni mwa watu ingawa meli sasa hupakia na kushusha Kiwira, kwa sababu mchanga na tope vilijaa kwenye maji ya Itungi hadi kina kikapungua. Ni majina manne ndani ya miaka isiyozidi 130, tena kwenye ukingo mmoja wa ziwa unaomalizwa na boti kwa saa chache. Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama mkosi: serikali ilijenga, maji yakaharibu, serikali ikahama. Lakini ukiitazama pamoja na historia ya watu walioishi hapa kabla ya gati la kwanza kujengwa, utaona kwamba mwambao huu tangu zamani umekuwa nchi ya kambi. Aliyekubali kupiga kambi ameishi nao vizuri, na aliyetaka kuweka msingi amelazimika kuhama, ama na jengo lake ama akiliacha. Kwa hiyo mtalii anayetandaza hema kwenye ufuko wa Matema hakuleta desturi mpya. Amejiunga na ya zamani sana, japo yeye mwenyewe hajui.

Ushahidi wa kwanza ni maji yenyewe. Bonde la Kyela ni udongo ulioletwa na mito. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milima yenye mvua nyingi kuliko karibu kila mahali pengine nchini, hufika kwenye tambarare ghafla, hupoteza kasi na kutua mzigo wao wa tope karibu na ziwa. Mto wenye mzigo haukai kwenye njia moja. Songwe, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi, umehama mkondo mara nyingi kiasi kwamba mashamba ya watu yamejikuta ng'ambo bila mwenye shamba kuhama, na serikali mbili zimelazimika kuanzisha mpango wa pamoja wa bonde la mto huo. Ziwa nalo halitulii. Mwaka 1915 maji yalipungua sana, na mto Shire, ambao ndio mlango pekee wa kutokea, ukazibwa na mchanga. Kwa miaka 20 hivi ziwa lilikuwa kama beseni lisilo na tundu, likapanda mwaka hadi mwaka, hadi maji yalipofungua njia tena katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1980 yalifika juu kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze. Tofauti kati ya 1915 na 1980 inazidi mita tano. Kwenye jabali la Ukinga, upande wa milima, mita tano ni alama tu ya unyevu kwenye mwamba, lakini kwenye tambarare ya Kyela ni vitongoji vizima. Juu ya hayo kuna upepo wa kusi, ambao Wamalawi huuita Mwera, unaovuma kuanzia Mei ukisukuma mawimbi kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kuyapigiza kaskazini, ambako yanaujenga na kuubomoa ufuko upya kila msimu.

Watu waliokaa kwenye nchi ya namna hiyo walijenga kwa kuijua. Wageni wa karne ya 19 walisifu nyumba za Wanyakyusa zilizofumwa kwa mianzi, kuta zake zikiinamia nje kidogo na nafasi za katikati zikijazwa udongo uliofinyangwa, zote zikiwa zimezungukwa na migomba na ua uliofagiliwa. Walisifu usafi na umbo lake. Sifa moja hawakuijali sana, nayo kwetu ndiyo kubwa: nyumba ya mianzi haimfungi mtu. Mianzi inaota karibu, udongo uko chini ya miguu, na wenzako wakikusaidia unasimamisha nyumba nyingine kwa siku chache. Mwanaume aliyeona kijiji kimemchoka, au aliyeshukiwa uchawi, au ambaye shamba lake limemezwa na mto, aliweza kuondoka na ng'ombe wake na kukaribishwa kijiji kingine. Mali nzito ilikuwa ile inayotembea kwa miguu yake yenyewe.

Desturi iliyolibeba jambo hili kwa ukamilifu ni ile ya vijiji vya marika, iliyochunguzwa na Godfrey na Monica Wilson kati ya 1934 na 1938, kisha Monica akaiandikia kitabu mwaka 1951. Mvulana alipofika umri wa miaka kumi au kumi na moja, hakulala tena kwa baba yake. Yeye na wavulana wa rika lake waliochunga ng'ombe pamoja walikwenda kujenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha wakubwa. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya kitoto kweli, na chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa makundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kadiri walivyokua, vibanda vikawa nyumba, wadogo wao kidogo wakapokelewa, halafu mlango ukafungwa na wadogo zaidi wakaenda kuanzisha chao. Walipooa, wake waliletwa pale pale. Mara moja kwa kila kizazi ilifanyika sherehe kuu ya kukabidhi nchi, ubusoka, ambapo utawala uliwashukia vijana, vijiji vikapangiwa maeneo yake, na moto mpya ukapekechwa. Yaani kijiji cha Mnyakyusa kilianza kama kambi ya watoto wachunga ng'ombe, kikakomaa na kuwa dola ndogo, kisha kikasogea kuwapisha wengine.

Wenyewe walipoulizwa sababu walitaja heshima: haifai kijana aliyebalehe kusikia mambo ya chumbani kwa wazazi wake, wala mkwe kukutana uso kwa uso na baba wa mumewe. Walitaja pia ulinzi wa ng'ombe. Lakini neno lililorudi mara kwa mara ni ukwangala, ambalo kwa Kiswahili linahitaji maneno matatu au manne: kukaa pamoja na wenzako, kula na kunywa nao, kuzungumza bila haraka, na kufunzwa adabu na mazungumzo hayohayo. Mtu anayekula peke yake alihesabiwa kuwa hajafunzwa, hata kama ana mali. Kambi basi haikuwa mahali pa kungojea maisha yaanze. Ilikuwa shule ya utu.

Hapa pana pingamizi la kitaaluma, na ni la haki. Simon Charsley, aliyeandika juu ya watawala wa Unyakyusa mwaka 1969, na wengine waliomfuata, waliona kwamba picha ya akina Wilson imenyooka kupita kiasi. Walisema vijiji havikuwa vya rika moja kwa usafi ule, kwamba watu walihamahama mno, kwamba siasa za watawala na wafuasi ziliamua mengi kuliko umri. Tukubali hayo yote. Je, hoja ya kambi inavunjika? Naona inaimarika. Kama wanaume walihamahama kuliko Monica Wilson alivyodhani, kama mtawala alipimwa kwa idadi ya waliokubali kukaa naye na si kwa ukubwa wa ardhi iliyopimwa, basi makazi yenyewe yalikuwa mepesi zaidi kuliko kitabu kinavyosema. Wataalamu hao wanabishana juu ya kilichowakusanya watu pamoja, kama ni umri au ni mwenye nchi. Hakuna kati yao anayedai kwamba kijiji kilikuwa kitu cha kubaki mahali pamoja milele.

Upande wa mashariki, milima inapoingia ziwani bila kuacha tambarare, Wakisi walifikia jawabu lilelile kwa njia nyingine. Kamba nyembamba ya ardhi kati ya jabali na maji, kutoka Ikombe kuelekea kusini, haitoshi mashamba ya kuwalisha. Wakaishi kwa samaki na kwa udongo. Wanawake hufinyanga vyungu ambavyo kwa vizazi vingi vimepikia ugali, wali na pombe katika bonde zima la Kyela na ng'ambo yake, na vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi, vimepangwa kwa uangalifu, kwenda kubadilishwa kwa chakula. Biashara ya mtumbwi uliobeba vyungu haiwezi kuharakishwa. Kusi likianza kuvuma, mtumbwi huvutwa nchi kavu na watu hulala ufukoni mpaka maji yalegee. Wavuvi wanaofuata usipa, dagaa wa ziwa hili, na taa za usiku nao hujenga vibanda vya majani pale samaki walipo, na kuviacha samaki wanapohama. Soko la vyungu la Lyulilo, karibu na Matema, ni mtoto wa safari hizo: mahali pa kutua mzigo na kulala palipogeuka mahali pa kukutana. Watu hawa hawakuhitaji gati. Walihitaji mchanga mlaini wa kuvutia mtumbwi, na mchanga ndicho kitu ambacho mwambao huu haujawahi kukosa.

Wageni wa mwanzo kutoka mbali waliheshimu kanuni hii kwa sababu hawakuwa na namna nyingine. E. D. Young alizunguka ziwa kwa stima Ilala mwaka 1875 na kuipa milima ile jina la Livingstone, akaondoka. Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21, alifika kichwa cha ziwa kwa miguu kutoka Dar es Salaam, akiwa amerithi uongozi wa msafara baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufia Behobeho. Vitabu humtaja Thomson, lakini msafara wa wapagazi zaidi ya mia moja haupigi kambi kwa ujuzi wa kijana mgeni. Aliyejua mahali pa kulala, nani wa kumwomba ruhusa, na namna ya kuzuia wapagazi wasigombane na wenyeji alikuwa Chuma, Myao wa nchi za Nyasa, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Utaalamu wa kambi katika Afrika Mashariki ulikuwa wa watu wa misafara. Wazungu walioandika vitabu walikuwa wanafunzi wake.

Walipokuja waliotaka kubaki, ndipo kanuni ilipoonyesha meno. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa makundi mawili kutoka Ujerumani: Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, na wale wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, mzee mwenye uzoefu wa Afrika Kusini. Wote walipitia ufukoni. Hakuna kati yao aliyechagua ufuko uwe makao yake makuu. Homa ilimuua Mmoravian Georg Martin mwaka huohuo, na vituo vya mwanzo vikajengwa juu, Rungwe na kwenye vilima vya jirani, penye baridi na udongo unaoshika msingi. Baadaye Wamoravian walifungua Ipyana tambarare, lakini si ufukoni. Waliona mapema kile ambacho serikali ilihitaji miaka kadhaa kukiona: anayetaka mawe apande, anayetaka ziwa akubali mianzi.

Serikali ya Kijerumani ilijaribu kuvipata vyote viwili. Hermann von Wissmann alileta stima vipandevipande kupitia Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kuelea ziwani mwaka 1893 ikiwa na jina lake, na katika mwaka huo kituo cha Langenburg kikaanzishwa karibu na Ikombe. Mahali palichaguliwa kwa macho ya nahodha: maji marefu karibu na nchi kavu, mlima wa kuzuia pepo. Kikawa makao makuu ya wilaya kubwa, na daktari Friedrich Fülleborn aliyehudumu huko aliandika kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma. Lakini nchi kavu ya kujengea ilikuwa ukanda tu, watu wengi walikuwa ng'ambo ya bonde, na homa haikuisha. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 makao makuu yalihamishiwa Tukuyu, yapata kilomita moja juu ya usawa wa ziwa, na mji mpya ukaitwa Neu-Langenburg, Langenburg Mpya. Jina lenyewe lilikunjwa kama hema na kubebwa mlimani. Kituo cha zamani kikabaki magofu. Himaya iliyojivunia mawe ilidumu ufukoni kwa muda mfupi kuliko kijiji kimoja cha rika.

Waingereza walikuwa na kiasi zaidi. Waliacha mji Tukuyu na kuifanya Mwaya kuwa mahali pa kupakulia tu. Itungi ilipochukua nafasi, ilikuwa kwa roho hiyohiyo ya kushika mdomo wa mto na kutumaini kwamba utatulia. Mwaka 2017 zilikamilishwa meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya uwezo wa tani 1,000, na mwaka 2021 ikaingia majini MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ni vyombo vya kujivunia. Lakini chombo kikubwa kinataka kina, na kina ndicho mto usichotaka kukitoa. Mji wa Kyela wenyewe, wenye mchele wake unaosifiwa nchi nzima na kakao inayouzwa nje, haukai ufukoni. Umekaa kando, ndani ya bonde, na ufuko umebaki mahali pa kwenda na kurudi. Si bahati tu. Ni hesabu ya miaka mingi iliyofanywa na watu wasiohitaji mchoro wa mhandisi.

Wakati huohuo desturi ya vijiji vya marika ilikuwa inafifia. Monica Wilson alirudi kuieleza hali hiyo katika kitabu chake cha 1977. Kahawa milimani na mchele bondeni viliipa ardhi bei, na mwenye ardhi yenye bei hahami kwa wepesi. Vijana walikwenda kulala kwenye kambi za aina nyingine, migodini Lupa na hadi Afrika Kusini, wakarudi na fedha za kujenga kwa matofali. Tangu 1963 Jeshi la Kujenga Taifa likawapa vijana wa nchi nzima kambi za kulala pamoja, kufanya kazi pamoja na kula sufuria moja. Wengi walioisifu JKT kama uvumbuzi wa taifa jipya hawakujua kwamba kusini mwa Rungwe jambo hilo lilikuwa na jina kabla taifa halijazaliwa.

Hapo ndipo mtalii anapoingia. Kupiga kambi kwa burudani, kama kulivyo leo kwenye hifadhi za mwambao wa Marekani na Ulaya, ni desturi changa. Robert Baden-Powell alipowapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, ili walale mahemani, wapike na kufunzwa adabu kwa kuishi na wenzao, lilikuwa jaribio, nalo likazaa chama cha maskauti. Mwaka huohuo, bila hema na bila magazeti kuandika, maelfu ya wavulana wa Unyakyusa walikuwa wanalala kwenye vibanda walivyojijengea wenyewe, kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba wa Brownsea walirudi nyumbani baada ya siku nane, na wa Kyela walibaki hadi wakawa wazee.

Msomaji anaweza kusema nachanganya vitu viwili: kambi ya zamani ilikuwa lazima, ya leo ni starehe, mvuvi analala kwenye kibanda kwa sababu hana budi, mtalii analala kwenye hema ili akawasimulie wenzake. Tofauti ipo, lakini imewekwa mahali pasipo pake. Ukwangala ni starehe, na wenyewe waliitaja miongoni mwa sababu za kwanza, si kama kitulizo cha dhiki. Kinachotofautisha ni kwamba starehe yao ilikuwa na wajibu ndani yake: anayelala pamoja na wenzake analinda ng'ombe wao, anakula kwa mama zao na anawajibika kwa maneno yao. Kambi ya kitalii isiyomfahamu mwenyeji wake ina hema, lakini haina ukwangala.

Pingamizi zito zaidi ni la maendeleo. Je, kuusifia mwanzi si kuwaambia watu wa Kyela wabaki maskini ili nchi yao ipendeze? Jibu ni hapana, kwa sababu historia hii haijakataza matofali. Imeonyesha mahali pake. Hospitali, shule na maghala yajengwe kwenye ardhi inayoshika msingi, kama wamisionari walivyojifunza kwa makaburi. Ufukoni pawe na vitu vinavyoweza kusogea: vibanda, masoko ya siku, mahema, magati mepesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi huiona sheria hiyo kama kikwazo kilichotungwa Dodoma. Kwa mwambao wa Itungi haijaleta jambo geni. Imeandika kwa mita kile ambacho vibanda vya wavulana, mitumbwi ya Wakisi na magofu ya Langenburg vilikuwa vimekwisha kukisema. Kasoro yake moja ni kwamba mita 60 hupimwa kutoka ukingo wa maji, na hapa ukingo wenyewe nao unahama.